Toyota GT86 kwenye saketi: tathmini ya shokapu za Bilstein B14, pedi za Ferodo DS2500 na oili ya breki ya Motul RBF 600

Toyota GT86 ni gari lililosanifiwa kwa ajili ya dereva anayependa kona kuliko mwendo wa kunyooka. Mhandisi wake mkuu, Tetsuya Tada, alilitaka liwe jepesi, liwe na injini isiyo na tabo (turbo), na lisukumwe na magurudumu ya nyuma. Subaru walilijenga katika kiwanda chao cha Gunma pamoja na pacha wake, BRZ, na tangu mwaka 2012 limekuwa miongoni mwa magari machache ya michezo ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulimiliki na bado akabakiwa na fedha za kulitunza. Injini yake bapa (silinda zake zimelala kwa pande mbili) ya lita 2 inatoa nguvu farasi 200 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 205, uzito wake unakaribia kilo 1,240, na kitovu chake cha uzito kiko milimita 460 tu kutoka ardhini kwa hesabu za watengenezaji wenyewe. Ni msingi mzuri sana, na ndiyo maana wengi wetu tunaoishi Uingereza na kupenda siku za saketi, yaani siku ambazo mtu hulipia kuendesha gari lake kwenye uwanja wa mbio, tumelichagua.

Tathmini hii inahusu vitu vitatu nilivyoviongeza kwenye msingi huo: shokapu na springi za Bilstein B14, pedi za breki za Ferodo DS2500 mbele na nyuma, na oili ya breki ya Motul RBF 600, pamoja na vitu vidogo vinavyoandamana navyo. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda aipate hapa. Kama una gari jepesi la aina hii na fedha zako zinatosha kitu kimoja tu, nunua oili ya breki. Zikitosha viwili, ongeza pedi. Zikitosha vitatu, ndipo uanze kufikiria shokapu. Wengi hufuata mpangilio wa kinyume kwa sababu gari lililoshushwa linaonekana na kila mtu pale maegeshoni, ilhali oili mpya haionekani na yeyote. Saketi haijali kinachoonekana, na dereva anayeanza na springi huku akiacha oili ya zamani kwenye mfumo wa breki anaongeza kasi ya kuingia kona bila kuongeza uwezo wa kuipunguza.

Ili kuelewa kwa nini breki zitangulie, tuangalie kinachotokea Snetterton. Saketi hii iko Norfolk, mahali palipokuwa uwanja wa ndege za kijeshi, na mzunguko wake unaoitwa 300 una urefu wa takriban kilomita 4.8. Ndani yake kuna sehemu ndefu iliyonyooka, Bentley Straight, ambako GT86 ya kawaida inafika karibu na kilomita 190 kwa saa kabla ya kulazimika kupunguza mwendo ghafla kwa ajili ya kona ya Brundle. Chukulia gari, dereva na petroli vina uzito wa kilo 1,350. Kulitoa gari hilo kwenye kasi ya 190 hadi 90 ni kuondoa nishati ya takriban megajuli 1.5 ndani ya sekunde chache, na nishati hiyo yote inageuka joto. Kwa kuwa uzito hulalia mbele wakati wa kufunga breki, magurudumu ya mbele yanabeba takriban asilimia 70 ya kazi. Ukiligawa joto hilo kwa diski mbili za chuma cha kusubu zenye kilo 7 au 8 kila moja, utaona kwamba kufunga breki mara moja tu namna hiyo kunaweza kupandisha joto la diski kwa nyuzi zaidi ya 100. Upepo unalipunguza kidogo, lakini kona nyingine inafika kabla diski hazijapoa, na mzunguko unaofuata unaanza juu ya joto la mzunguko uliopita.

Diski za GT86 ya kawaida zina kipenyo cha milimita 294 mbele na 290 nyuma. Kwa matumizi ya barabarani diski hizo zinazidi mahitaji. Kwa saketi zinatosha pia, jambo ambalo wauzaji wa vifaa vikubwa vya breki hawalisemi kwa sauti, mradi tu kinachozigusa na kinachozisukuma viwe vinastahimili joto hilo.

Tuanze na kinachozisukuma. Oili ya breki ya kiwango cha DOT 4 inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 ikiwa mpya, na isichemke chini ya nyuzi 155 ikiwa imekwisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala lote. Oili hizi zina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kupitia mipira na kifuniko cha tanki, kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Kwa hiyo gari lililokaa miaka mitatu bila kubadilishwa oili linaweza kuwa na breki zinazofanya kazi vizuri kabisa mjini, kisha zikapotea zote kwa pamoja baada ya mizunguko michache ya saketi. Oili ikichemka ndani ya kalipa, kifaa chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski, hutoa mvuke. Mvuke hubanwa, oili haibanwi. Basi nguvu ya mguu wako inaishia kukandamiza mapovu badala ya kusukuma pistoni, na pedali inazama hadi sakafuni.

RBF 600 inachemka kwenye nyuzi 312 ikiwa mpya, na hata ikishanyonya maji ya kipimo kile inabaki juu ya nyuzi 200. Inauzwa katika chupa za nusu lita, na chupa mbili zinatosha kuisafisha GT86 yote. Kati ya vitu vyote ninavyovitathmini hapa, hiki ndicho cha bei ndogo kuliko vingine na ndicho kilichobadilisha imani yangu kwa gari kuliko vingine. Baada ya kuiweka, pedali ya dakika ya kumi na tano ilikuwa pale pale ilipokuwa pedali ya dakika ya kwanza. Sharti lake ni moja: usiinunue ukaisahau. Oili ya namna hii inabadilishwa mara kwa mara zaidi kuliko ya barabarani, angalau mwanzoni mwa kila msimu, na chupa iliyokwisha kufunguliwa haiwekwi kabatini kusubiri mwaka ujao.

Hapa niingize jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha, kwa kuwa linamhusu hata asiyekusudia kukanyaga saketi. Breki zinazopata moto hushindwa kwa njia mbili, na dalili zake hazifanani. Dereva wa lori anayeshuka Kitonga kwenye barabara ya Iringa, au anayeteremka kuelekea Mai Mahiu, anaijua njia moja: breki zake ni za upepo, hana oili ya kuchemka, lakini lainingi zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, naye anabaki akikandamiza pedali isiyopunguza mwendo wowote. Gari dogo linaweza kupatwa na hilo na la pili pia. Pedali ikiwa laini na kuzama, tatizo ni oili. Pedali ikiwa ngumu kama kawaida lakini gari halipungui mwendo, tatizo ni pedi. Anayezijua dalili hizi mbili hatapoteza fedha kubadilisha kisichohusika.

Kazi ya kubadilisha oili niliishuhudia kwa karibu kwenye gereji ndogo ninayoiamini. Fundi alifungua nati ya kutolea upepo kwenye kalipa ya nyuma huku msaidizi wake akikanyaga pedali taratibu na kuishikilia, na kupitia mpira mwembamba unaoonyesha ndani oili ya zamani ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya rangi, pamoja na mapovu madogo, ikafuatwa na oili mpya iliyo angavu. Hakuondoka gurudumu lile mpaka rangi ilipokuwa moja na mapovu yalipoisha. Wakati huohuo tuliweka mipira ya breki iliyozungushiwa nyaya za chuma cha pua badala ya ile ya asili. Faida yake ipo lakini si kubwa kama inavyotangazwa: mipira ya asili hutanuka kidogo chini ya shinikizo, hii haitanuki, na mguu unaipata hisia iliyo wazi zaidi. Ukiwa na mipira ya asili iliyo mizima, isubiri.

Sasa pedi. Ferodo DS2500 zimetengenezwa kwa matumizi yanayosimama kati ya barabara na mashindano, na nafasi hiyo ya katikati ndiyo sababu ya kuzichagua kwa gari ambalo lazima linifikishe saketi, lifanye kazi siku nzima, kisha linirudishe nyumbani kwenye mvua. Pedi kamili za mashindano zinahitaji joto kwanza ndipo zishike, na asubuhi ya baridi kwenye makutano ya mzunguko barabarani zinaweza kumtisha dereva. DS2500 zinashika tangu breki ya kwanza asubuhi. Kinachonipendeza zaidi ni namna zinavyoitikia mguu: nguvu inaongezeka kwa kiasi kilekile ninachokikanyaga, na ninapoilegeza pedali polepole nikiingia kona, mwendo unalegea polepole vilevile. Kwa dereva anayejifunza kupeleka breki hadi ndani ya kona, jambo hilo lina thamani kuliko ukali wa mshiko.

Pedi mpya haziendi saketi zikitoka dukani. Lazima zizoeshwe kwenye diski: unapunguza mwendo kwa nguvu ya wastani kutoka takriban kilomita 100 kwa saa hadi 30, mara kadhaa mfululizo, bila kusimama kabisa, kisha unaendesha taratibu mpaka zipoe. Lengo ni kuacha utando mwembamba na sawasawa wa malighafi ya pedi juu ya uso wa diski. Ukisimama kabisa diski zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake mahali pamoja, na mtetemo utakaoupata baadaye wengi huudhania kuwa ni diski iliyopinda.

Kuhusu joto sikutaka kukisia, kwa hiyo nilipaka kwenye ukingo wa diski za mbele rangi maalumu za kupimia, zile ambazo kila moja hugeuka ikifikia kiwango chake: ya kijani kwenye nyuzi 430, ya chungwa kwenye nyuzi 560, na nyekundu kwenye nyuzi 610. Baada ya siku nzima ya Snetterton, alama ya kijani ilikuwa imegeuka nyeupe yote, ya chungwa ilikuwa imeanza kugeuka upande mmoja tu, na nyekundu ilikuwa vilevile kama nilivyoipaka. Kipimo hicho cha bei ndogo kiliniambia mambo mawili: kwamba pedi za kawaida za barabarani zisingeweza kustahimili siku ile, na kwamba sina sababu ya kununua diski kubwa zaidi kwa nguvu farasi nilizonazo na matairi niliyonayo. Nawashangaa wanaolipa fedha nyingi kwa kalipa za pistoni sita kabla ya kujua diski zao zinafika joto gani.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, badilisha pedi za mbele na za nyuma pamoja. Ukiweka pedi kali mbele na kuacha za asili nyuma, umehamisha kazi zaidi kwenda mbele, ambako joto lilikuwa jingi tayari, na gari litazama pua zaidi kila unapofunga breki. Pili, pedi za daraja hili huacha vumbi jingi kwenye rimu na zinaweza kupiga kelele zikiwa za baridi, hasa mjini. Asiyeweza kuvumilia hayo atafute pedi za barabarani na akubali kukaa saketi kwa muda mfupi kila anapoingia. Tena, pedi zikibaki nusu ya unene wake nazihesabu kuwa zimekwisha kwa matumizi ya saketi, kwa sababu unene ule ndio unaozuia joto la diski lisifike kwenye pistoni na oili.

Upande wa sasipensheni niliuchelewesha kwa makusudi, na nashauri wengine wafanye hivyo. Shokapu za asili za GT86 ni nzuri. Zinaliacha gari lilale upande kiasi, zinamfundisha dereva jinsi uzito unavyohama, na kwa msimu wa kwanza hazihitaji kubadilishwa. Udhaifu wao unaonekana dereva anapoanza kuwa na haraka: gari linachukua muda kutulia baada ya kugeuzwa kutoka kona ya kulia kwenda ya kushoto, na kwenye mabonde ya saketi linabonyea, linarudi juu, kisha linabonyea tena kabla ya kuwa tayari kwa amri nyingine.

Bilstein B14 ni seti ya shokapu za gesi zenye mrija mmoja, pamoja na springi fupi na ngumu zaidi, ambazo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha kikalio chenye uzi kilichoko kwenye mwili wa shokapu. Katika mrija mmoja huo, gesi yenye shinikizo imetenganishwa na oili kwa pistoni inayoelea, hivyo oili haichanganyiki na gesi na haigeuki povu hata shokapu ikifanya kazi mfululizo kwa muda mrefu. Mwili wake unagusana na hewa moja kwa moja na hivyo hupoa haraka. Kwa dereva maana yake ni kwamba gari la mzunguko wa mwisho linatenda kama gari la mzunguko wa kwanza, jambo lilelile nililolisifia kwenye oili ya breki. Uthabiti ndio ninaoununua. Kasi inafuata yenyewe.

Jambo ambalo baadhi ya wanunuzi wataliona kuwa kasoro ni kwamba B14 haina kitufe cha kurekebisha ugumu. Kampuni imechagua kiwango kimoja kiwandani na kukifunga. Anayetaka kurekebisha anauziwa B16, yenye hatua kumi, au anakwenda kwa KW V3, ambazo kubonyea kwake na kurudi kwake hurekebishwa kila kimoja peke yake. Kwangu mimi kukosekana kwa kitufe ni sifa. Nimeona watu wakipoteza nusu ya siku waliyoilipia wakizungusha vitufe bila kuandika walikotoka, hadi mwisho wasijue kama tofauti wanayoihisi imetoka kwenye shokapu, kwenye tairi lililopata joto au kwenye jua lililokausha lami. Dereva ambaye bado hajaweza kurudia mzunguko wake uleule mara tano hana cha kupimia mabadiliko ya hatua moja ya kitufe.

Kimo ndicho kinachohitaji busara. B14 inaruhusu gari kushushwa sana, na kwenye GT86 kishawishi ni kikubwa kwa sababu linapendeza likiwa chini. Lakini sehemu ya mbele ya gari hili inatumia mguu wa MacPherson, ambamo shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa juu, na mguu huo hauvumilii kushushwa bila kikomo. Mkono wa chini unaoshikilia gurudumu ukishavuka mlalo na kuanza kuelekea juu, kitovu ambacho gari hulala likikizunguka hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na matokeo yake ni gari lililo chini zaidi lakini linalotaka kulala upande zaidi. Magurudumu pia huanza kujigeuza yenyewe kidogo kila yanapopanda juu ya tuta au ukingo wa saketi. Nilishusha kidogo kabisa kadiri seti inavyoruhusu, nikaacha hapo. Muulize fundi wako aangalie mkono ule gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukiwa mlalo au ukielekea chini kidogo kwa nje, upo salama.

Kisha ikafuata kazi ambayo bila yake fedha zote za shokapu zingepotea, nayo ni alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu. GT86 hutoka kiwandani ikiwa na magurudumu ya mbele yaliyosimama karibu wima kabisa, huku ya nyuma yakiwa yameinama kwa ndani zaidi ya digrii moja. Mpangilio huo ni wa usalama wa barabarani: unahakikisha kwamba pua itakuwa ya kwanza kuteleza, nayo ni rahisi kwa dereva wa kawaida kuimudu. Kwenye saketi unamaanisha kwamba gari linapolala upande, tairi la mbele la nje linasimama juu ya bega lake, bega linalika haraka, na katikati ya tairi panabaki pazima pasipotumika. Dawa yake ni kuinamisha magurudumu ya mbele kwa ndani. Tulitumia bolti maalumu zenye shingo isiyo katikati, ambazo huchukua nafasi ya bolti ya juu inayofunga mguu wa shokapu kwenye kitovu cha gurudumu, na kwa pamoja na kushuka kwa gari tukapata karibu digrii mbili hasi kila upande. Nyuma hakuna marekebisho ya asili ya mwinamo. Anayeutaka lazima anunue mikono ya chini inayorekebishika, na mimi sijaona haja yake bado.

Duka la kwanza la matairi nililolipeleka gari lilinirudishia karatasi iliyojaa rangi ya kijani kila mahali, ishara ya vipimo vinavyokubalika, na usukani uliokaa sawa, lakini gari lilikuwa linatangatanga barabarani kila nilipopita kwenye alama za magurudumu ya malori. Walikuwa wamerekebisha mwinamo na kuacha mwelekeo wa magurudumu ukiwa umefunguka kwa nje, ingawa kubadilisha kimoja hubadilisha kingine siku zote kwenye mguu wa aina hii. Gereji ya pili ilianza kwa kuniuliza uzito wangu, ikaweka mfuko wa uzito huo kwenye kiti cha dereva, ikajaza nusu tanki la petroli, ndipo ikapima. Karatasi yake ilikuwa na namba nilizoziomba, na usukani ulitulia. Kama fundi wa alaimenti hakuulizi gari linatumika wapi, tafuta mwingine.

Mahali pa kuhukumia haya yote ni Brands Hatch, kule Kent, saketi iliyowahi kupokezana na Silverstone mashindano ya Formula 1 ya Uingereza kuanzia 1964 hadi 1986. Mzunguko wake mfupi, Indy, hauna hata kilomita mbili, lakini kona yake ya kwanza ni mtihani kamili wa sasipensheni. Paddock Hill Bend inaanza juu ya kilima. Dereva anafunga breki barabara ikiwa imeinuka kidogo, anageuza kulia bila kuona vizuri mwisho wa kona, kisha ardhi inaporomoka chini ya gari na bonde linamkamata upande wa pili kabla ya kupanda kuelekea Druids. Kwa shokapu za asili, gari lilikuwa likiinuka pale juu, tairi la nyuma la ndani linapoteza mshiko, halafu bondeni linabonyea hadi mwisho na kurudi juu kwa kasi, hivyo dereva anasahihisha usukani mara mbili katika kona moja. Kwa B14 gari linafuata ardhi. Linabonyea bondeni mara moja, linatulia, na mguu wa petroli unaweza kukanyagwa mapema kabla ya kupanda kilima. Usukani unasahihishwa kidogo, wakati mwingine hausahihishwi kabisa.

Tofauti ya pili inaonekana baada ya Druids, gari linapotoka kona kali ya kulia na kugeuzwa kwenda kushoto kwenye Graham Hill Bend. Hapo uzito unatoka upande mmoja kwenda mwingine, na kile kitambo cha kusubiri nilichokieleza kimepungua sana. Mwinamo mpya wa magurudumu ya mbele nao umefanya kazi yake: pua inaingia kona bila kubembelezwa, na tairi la mbele la kushoto, ambalo Brands Hatch hulionea kwa kuwa kona zake nyingi ni za kulia, sasa linalika kwa usawa zaidi kutoka bega hadi bega. Natumia Michelin Pilot Sport 4, matairi ya barabarani yenye mshiko mwingi kuliko Primacy HP ambazo gari lilikuja nazo, na naamini shokapu hizi zinalingana nayo vizuri. Kwa matairi laini ya mashindano springi zake zingekuwa hafifu, na anayekwenda huko aanze moja kwa moja na seti nyingine.

Barabarani gari limekuwa gumu, lakini halichoshi. Mashimo madogo yanahisiwa, viungo vya madaraja vinasikika, ila shokapu inamaliza kazi kwa pigo moja na haiendelei kudunda. Abiria hulalamika mjini zaidi kuliko kwenye barabara kuu. Kwa barabara za vumbi au zenye matuta makubwa kama zetu nyumbani nisingependekeza seti yoyote ya kushusha gari, na nafasi iliyobaki chini ya bampa la mbele haitoshi kwa matuta ya mitaa mingi ya Dar es Salaam au Nairobi.

Kwa wenye Subaru Impreza WRX STI, ambao ni wengi Nairobi na Kampala, ninayoyasema kuhusu breki yanawahusu kwa asilimia kubwa. Mengi ya magari yao yalitoka kiwandani na kalipa za Brembo za pistoni nne mbele na mbili nyuma, na si ajabu kuona zikipakwa rangi upya na kung'arishwa huku oili iliyomo ndani ikiwa ni ileile tangu gari lilipoingia nchini. Kalipa nzuri haiwezi kuiokoa oili iliyojaa maji. Baadhi ya GT86 na BRZ za baadaye pia ziliuzwa na breki za Brembo zenye diski za milimita 326 mbele, na mwenye hizo ana akiba kubwa zaidi ya joto kuliko mimi. Hata hivyo pedi na oili zake za asili zinahitaji kubadilishwa vilevile kabla ya siku ya saketi.

Mambo ya mwisho ni ya karatasi. Uingereza kila badiliko la shokapu, springi au breki linatakiwa kutajwa kwa kampuni ya bima, hata kama ni la kuongeza usalama, na bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida haigusi ajali ya saketi, hivyo ile ya siku moja hununuliwa peke yake. Kabla ya kila siku ya saketi nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya toki, kikalio cha springi kiangaliwe kama hakijajifungua, na bolti zile za mwinamo zipigwe alama ya rangi ili zikizunguka hata kidogo alama ivunjike na ionekane. Ya kwangu haijavunjika mpaka sasa. Kinachofuata kwenye orodha ni mifereji ya kupeleka hewa kwenye diski za mbele, kwa sababu ile alama ya chungwa iliyoanza kugeuka Snetterton ilipata joto hilo siku yenye mawingu, na majira ya joto hayajafika bado.